Bishaneni Peeta na Gale, Mimi Nauliza Unga

Msyuuu! Watu wakishamaliza kuangalia The Hunger Games wanagawanyika kama Simba na Yanga juu ya nani amchukue Katniss, binti wa hadithi: hawa Peeta, wale Gale. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo wa Suzanne Collins kimetoka 2008, filamu ikafuata 2012, na mpaka leo ukitaja jina la Katniss hapa kijiweni, kijana wetu wa bodaboda anaacha kahawa ipoe, anasimama kumtetea Peeta, mtoto wa mwoka mikate. Haya, mtetee. Lakini mimi nikinyoosha mkono kuuliza habari za unga, naambiwa, "Mzee, unatuharibia stori." Stori gani isiyo na unga? Hata jina la kitabu limetaja njaa, nyie mnaniletea busu la Katniss na Peeta pangoni.

Kwa wale waliochelewa, tupitie haraka. Nchi inaitwa Panem, imeota juu ya magofu ya Amerika Kaskazini. Ina mji mkuu, Capitol, unaokula na kusaza, na wilaya 12 zinazofanya kazi ili huo mji ule. Zamani wilaya ziliasi, zikapigwa, ya 13 ikatangazwa kuwa imefutwa kabisa. Adhabu yake: kila mwaka kila wilaya itoe mvulana na msichana wa miaka 12 mpaka 18. Vijana 24 wanatupwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, televisheni inarusha mubashara na kutazama ni lazima. Collins mwenyewe amesema alikolitoa wazo. Kwanza ni ile hekaya ya Wagiriki ya Athens kupeleka vijana 14 Krete waliwe na Minotauro. Pili ni usiku mmoja alipokuwa anabadilisha chaneli, huku shindano la televisheni, huku vita vya Iraq, mpaka picha zikamchanganyikia.

Basi. Watu wanashika hapo hapo: mishale, damu, mapenzi. Sasa sogezeni mabenchi niwaambie kitu ambacho filamu imekitaja kwa nusu dakika ikapita zake.

Kinaitwa tesera. Kila mtoto akifikisha miaka 12 jina lake linaingia kwenye bakuli la kuchagulia mara moja, akifika 13 mara mbili, na kuendelea. Hiyo ni lazima, haina tajiri wala maskini. Lakini kama kwenu mnalala na njaa, unaruhusiwa kuongeza jina lako kwa hiari, na kila nyongeza inalipwa tesera moja: nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka mzima, tena kwa kubana. Unaweza kumchukulia kila mtu wa nyumbani kwenu. Na mwaka ukiisha majina hayatolewi bakulini, yanarundikana.

Chukueni kalamu. Baba yake Katniss kafia mgodini, mama kazama kwenye huzuni hajiwezi. Binti ana miaka 12. Jina la lazima moja, tesera tatu: yake, ya mama, ya mdogo wake Prim. Vikaratasi 4. Mwaka wa pili vinaongezeka vingine 4. Tunapomkuta hadithini ana miaka 16 na vikaratasi 20. Gale ana miaka 18 na familia ya watu 5 inayomtegemea, kafikisha 42. Madge, binti wa meya, rika moja na Katniss, hajawahi kuhitaji tesera: ana 5.

Mwalimu wetu mstaafu, mtu wa kupenda sheria, akaweka kikombe chini: "Lakini si wamesema ni hiari?" Aka! Hiari ya mtu ambaye mdogo wake anavimba miguu kwa njaa? Mama wa vitumbua, ambaye siku zote anatusikiliza huku anageuza vitu vyake kwenye karai, ndiye aliyemjibu: "Kwa hiyo Mwalimu, mtoto akizaliwa kwenye familia yenye wadogo wengi ndiyo kosa lake?" Kijiwe kizima kikacheka, Mwalimu akarudi kwenye kahawa yake.

Mama kapiga penyewe. Capitol haijaandika popote kwamba watoto wa maskini ndio wafe. Imeweka bakuli moja, kanuni moja, bahati nasibu ya watu wote, kisha ikaacha njaa ijaze vikaratasi. Siku ikifika, mtangazaji mwenye wigi la rangi anaingiza mkono, anawatakia watu bahati njema. Na unyama wa mambo ya bahati ni kwamba mwaka ule kimeokotwa kikaratasi cha Prim, mtoto wa miaka 12 mwenye jina moja tu bakulini, kwa sababu dada yake alimkataza kabisa kuchukua tesera. Dada akajitolea kwenda badala yake. Hapo ndipo filamu inapoanza kuwaliza.

Na hapa nimpe Gale haki yake, maana wale wa upande wake wameshaanza kuninunia. Kule msituni anakowinda na Katniss, anasema wazi kwamba tesera ipo ili watu wa Wilaya ya 12 wachukiane wao kwa wao. Mchimba makaa wa mtaa wa Seam anamtazama mwenye duka kwa jicho baya, mwenye duka anamwona mchimbaji mchafu, na hakuna anayepata nafasi ya kuitazama Capitol. Wakati huohuo, huyo mwenye duka naye ana nini? Peeta, mtoto wa mwokaji, nyumbani kwao wanakula mikate iliyokauka ambayo wateja wameikataa. Wanaoneana wivu wa makoko.

Ukitembea wilaya moja moja unakuta mchezo ni uleule. Wilaya ya 12 inachimba makaa ya mawe, lakini umeme wenyewe wanauona saa mbili tatu za jioni. Wilaya ya 11 inalima, mashamba hayana mwisho, na mkulima akitia mdomoni alichovuna anachapwa viboko hadharani. Rue, kale katoto ka miaka 12 kanakoruka kwenye miti, kametoka huko kwenye chakula, na kana njaa kuliko Katniss. Wakati huo kwenye karamu za Capitol, wanavyoeleza kwenye kitabu cha pili cha 2009, wageni wakishiba wanapewa vikombe vidogo vya kinywaji cha kutapisha, wakatapike, warudi mezani. Loh! Mama wa vitumbua aliposikia hiyo alisonya mpaka mteja akageuka.

Rue alipokufa uwanjani, Wilaya ya 11 ilimtumia Katniss mkate. Gharama ya kumtumia kitu mshiriki aliye uwanjani inapanda kila siku inayopita, kwa hiyo ni watu wangapi wenye njaa waliochangishana kununua mkate ule mmoja? Ulikuwa umekusudiwa Rue, wakaona bora umfikie aliyemfunika maua. Filamu imeuondoa mkate ikaweka ghasia, watu wanavunja vunja. Nimeelewa, ghasia inaonekana vizuri kwenye skrini. Lakini mimi naona mkate ndio uliokuwa maasi. Wilaya ilikuwa haijawahi kumtumia zawadi mtoto wa wilaya nyingine, maana mchezo mzima umepangwa ili kila mmoja aombee wa mwenzake afe.

Sasa huyu Snow, rais mwenyewe wa Panem. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa Snow methali imegonga mwamba. Soma kile kitabu cha 2020, The Ballad of Songbirds and Snakes, utamkuta ana miaka 18, yatima wa ukoo mkubwa uliofilisika, anakula kabeji ya kuchemsha nyumbani na shuleni anajifanya mtoto wa kishua. Wakati wa vita, akiwa mdogo, aliona jirani wa heshima zake akikata mguu wa maiti barabarani kwa ajili ya kitoweo. Njaa anaijua mpaka harufu yake. Na akili hiyohiyo ndiyo inayopendekeza watazamaji waweke dau na watume chakula uwanjani, pale mashindano yalipokuwa ya kumi na watu wameanza kuyachoka. Kabla ya hapo Capitol ilikuwa inatazama. Baada yake ikawa na mtu wake uwanjani, ina pesa yake pale, inalia akifa. Kijana wa bodaboda akaguna, mkononi ana mkeka wake wa mechi saba. Sikumsema.

Nje ya kitabu nako watu walichagua upande. Filamu ya pili ilipotoka 2013, kampuni ya vipodozi ya CoverGirl iliuza rangi za uso za mtindo wa Capitol, na Subway wakaitumia kutangazia mikate yao. Hadithi ya watoto wanaokufa kwa njaa, tangazo la sendwichi! Lakini 2014, jeshi lilipotwaa madaraka Thailand, wanafunzi waliinua vidole vitatu kama watu wa Wilaya ya 11 na 12, na wakakamatwa kwa vidole hivyo. Mwaka 2021 ikawa Myanmar. Wanajeshi hawakuulizana Peeta au Gale, walielewa mara moja kinachosemwa.

Kitabu cha tatu ndipo pananichoma. Ambaye hajakimaliza azibe masikio. Wilaya zimeasi tena, vita imefika Capitol, watoto wa Capitol wamekusanywa mbele ya jumba la Snow. Vinashuka vile viparashuti vya fedha vilivyokuwa vinaleta chakula na dawa uwanjani. Watoto wananyoosha mikono kwa furaha. Vinalipuka. Wauguzi wanakimbilia majeruhi, Prim akiwa mmoja wao, vinalipuka vilivyobaki. Mtego wa aina hiyo, wa kuua kwanza halafu kuwasubiri wenye huruma, ulibuniwa na Gale akiwa na Beetee, mshindi wa mashindano ya nyuma. Yule kijana aliyeiona hila ya tesera akiwa msituni, naye kaishia kutega kwa zawadi. Kwa hiyo ndugu zangu wa upande wa Peeta, hoja yenu ni hii, acheni habari za nywele: Peeta akiwa mtoto aliunguza mikate makusudi akampa binti aliyekuwa anakufa njaa, akala kipigo cha mama yake, na hakudai kitu.

Baada ya ushindi, Coin, mkuu wa waasi, anawaita washindi 7 wa mashindano waliobaki hai wapige kura: tufanye mashindano ya mwisho kwa kutumia watoto wa Capitol? Washindi hao, kila mmoja ametoka uwanjani, wanakubali kwa kura 4 dhidi ya 3. Peeta, Annie na Beetee wanakataa. Katniss anasema ndiyo, kwa ajili ya Prim, na Haymitch anamfuata. Wengi hapo wanamtukana. Mimi nawaambia subirini aletewe upinde. Siku Katniss anapopewa kumuua Snow, mshale unaenda kwa Coin, na mpaka leo kuna mtu hapa kijiweni anasema binti alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Snow alikuwa anakohoa damu, hana siku nyingi. Bakuli jipya la majina lilikuwa mikononi mwa Coin.