Kina cha Mkono: Jaribio la Kuainisha Mvuto wa James Herriot

Vitabu vya James Herriot, daktari wa mifugo wa Yorkshire, vinakadiriwa kuuzwa nakala zaidi ya milioni 60, na kila anayevipenda ana maelezo yake ya kwa nini. Maelezo yote hayo yana kasoro moja: hayapimiki. Makala hii inapendekeza kipimo. Chukua kisa chochote cha Herriot, tafuta mkono wa daktari uko wapi, kisha uangalie umezama kiasi gani ndani ya mnyama. Vizio ni vitatu: kiganja, kiwiko na bega. Kanuni ya kwanza inasema kwamba kadiri mkono unavyozama, ndivyo kicheko kinavyopanda. Kanuni ya pili tutaifikia baadaye, na msomaji anashauriwa kuwa na leso karibu.

Kwanza asili ya mkono wenyewe. Mwenye nao hakuitwa Herriot. Aliitwa James Alfred Wight, wenzake wakimwita Alf. Alizaliwa Sunderland mwaka 1916, akakulia Glasgow, akahitimu udaktari wa mifugo huko huko mwaka 1939, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika mji mdogo wa Thirsk, ambako alitibu ng'ombe, kondoo na farasi mpaka uzeeni. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, ndipo kitabu chake cha kwanza, If Only They Could Talk, kilipotoka mwaka 1970. Taaluma yake wakati ule ilihesabu kuandika kwa jina lako halisi kuwa ni kujitafutia wateja, hivyo ikabidi aazime jina. Akaliazima kwa Jim Herriot, mlinda mlango wa Birmingham City aliyemwona kwenye televisheni. Wengine huona hapo bahati tu. Sisi hatuoni hivyo. Uwanjani kuna watu kumi na mmoja kwa kila timu, na bwana huyu alimchagua yule mmoja anayeruhusiwa kutumia mikono.

Zipo nadharia pinzani, na adabu ya kitaaluma inatutaka tuzitaje kabla ya kuzizika. Nadharia ya Mandhari inadai kwamba watu wanapenda mabonde ya Yorkshire, kuta za mawe zinazopanda vilima na hewa isiyo na moshi. Haiwezi kueleza kwa nini msomaji wa Morogoro, asiyewahi kuuona ukuta hata mmoja wa aina hiyo, anacheka ukurasa ule ule. Nadharia ya Zama Njema inasema tunatamani ulimwengu wa zamani wa farasi wa kulima na dawa za kuchanganya kwa mkono. Mwandishi mwenyewe aliichokonoa nadharia hii bila kujua: vitabuni anafika kazini mwaka 1937, ilhali Alf Wight alifika Thirsk mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Nadharia ya tatu inadai kwamba watu wanapenda wanyama tu. Basi vitabu vyote vya ufugaji vingependwa hivyo.

Sasa madaraja.

Daraja la Bega ndilo mama wa madaraja yote, na si bure kwamba kitabu cha kwanza kinaanza nalo. Usiku, theluji inapulizwa kupitia mlango wa banda. Daktari kijana amelala juu ya sakafu ya mawe, kifua wazi, uso karibu na samadi, mkono mzima ukiwa ndani ya ng'ombe ambaye ndama wake amekaa vibaya. Kila ng'ombe anaposukuma, mkono unabanwa mpaka unakufa ganzi. Nyuma yake amesimama mwenye ng'ombe, na pamoja naye mjomba mtu. Mjomba hana shida. Amevaa vizuri, yuko kavu, na ana muda wa kutosha kueleza jinsi Bwana Broomfield, daktari mwingine kabisa, angeifanya kazi hiyo hiyo kwa ustadi zaidi.

Tuitazame hali hii kwa jicho la sayansi. Wa pekee aliyekwenda chuo ndiye pekee aliyelala chini. Wa pekee anayefanya kazi ndiye pekee asiyeona kitu, maana macho yake yako nje na vidole vyake viko ndani, na anachokijua kuhusu mgonjwa ni kile tu ambacho vidole vinamnong'oneza: hili ni goti au kisigino? Waliosimama nao wanamjua ng'ombe yule kwa jina, wanajua mama yake alizaa vipi na bibi yake alizaa vipi, na hawawezi kumsaidia kwa lolote ila maoni. Yeyote aliyewahi kumwona bwana mifugo akizalisha ng'ombe huku nusu ya kijiji imeegemea ua wa zizi anaijua hadhira hii. Haihitaji tafsiri.

Kisa kinamalizika kwa ndama kutoka hai. Daktari anajikongoja, hoi, na mwenye ng'ombe anamuuliza vipi kuhusu kinywaji. Daktari anashukuru kwa moyo wote. Hakuna kitu angekitaka zaidi. La, anaambiwa, swali lilikuwa juu ya ng'ombe.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi wanaipita. Kisa hicho kingesimuliwa na mjomba, kingekuwa kejeli. Kingesimuliwa na daktari mwenye kinyongo, kingekuwa lalamiko kuhusu wakulima wasio na shukrani. Herriot anakisimulia akiwa chini vile vile alivyokuwa, wala hasimami baadaye ili atuonyeshe kwamba mjomba alikuwa mjinga. Mjomba anaachiwa heshima yake, na ng'ombe naye. Anayechekwa ni mwenye shahada, na anayecheka kwa sauti kubwa zaidi ni yeye mwenyewe. Nimesoma kumbukumbu nyingi za wataalamu, za waganga na za mawakili, na ni nadra kumkuta mwandishi anayekubali kubaki sakafuni hadi mwisho wa sura.

Daraja la Kiwiko halitatuchelewesha. Ni la kondoo. Mkono hauzami sana, kazi ni ya dakika chache, na mwana-kondoo akishatoka anasimama na kuanza kutafuta kiwele. Furaha yake ni safi na kicheko chake ni cha wastani, jambo linaloafikiana kabisa na kanuni.

Daraja la Kiganja lina utata. Mfano wake mkuu ni Tricki Woo, kijibwa cha aina ya Pekinese cha mama tajiri aitwaye Bibi Pumphrey, kilicholishwa vitamu mpaka kikakosa pumzi. Herriot anakichukua, hakipi dawa yoyote, anakiacha kicheze na mbwa wengine na kunywa maji, na kinapona. Bibi Pumphrey, akidhani mgonjwa anahitaji nguvu, anatuma mayai, kisha divai, ili damu ya kijibwa ipate rutuba, kisha brandi. Madaktari wanakula mayai, wanakunywa divai mchana na brandi jioni, na hawana haraka ya kumrudisha mgonjwa. Kwa kipimo chetu, mkono haukuingia ndani ya mnyama hata kidogo, na bado msomaji anacheka. Je, kanuni imevunjika? Hasha. Mkono umezama, ila umezama ndani ya kapu la zawadi. Tunapendekeza kapu lihesabiwe kuwa sehemu ya mnyama, hasa kwa kuwa mnyama mwenyewe ndiye anayetajwa kuwa mtumaji: Herriot alipokosea akamwandikia bibi barua ya shukrani badala ya kumwandikia mbwa, ilimlazimu kuyarekebisha mambo kwa barua nyingine, safari hii kwa mbwa.

Kati ya madaraja haya kuna kundi dogo la Sindano, ambamo mkono unabaki nje na dawa ndiyo inayoingia. Ugonjwa unaolifaa ni homa ya maziwa: ng'ombe amezaa, kalsiamu ya damu yake imekimbilia kwenye maziwa, miguu imekwisha nguvu, amelala kama amekufa. Unamwingizia kalsiamu kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi anasimama. Ni muujiza, na miujiza haichekeshi. Ndiyo maana kisa kinachokumbukwa ni kile ambacho sindano ilishindwa. Ng'ombe wa Bwana Handshaw hakuinuka. Herriot akatangaza kwamba amevunjika nyonga na heri achinjwe. Mfugaji akamfunika mgongo kwa ngozi mbichi ya kondoo aliyechinjwa punde. Ng'ombe akasimama akatembea. Kwa Bwana Handshaw, sifa zote zikaenda kwa ngozi ya kondoo.

Sasa Kanuni ya Pili: mkono ukikosa pa kuingia, leso hutoka. Daraja Sifuri ni la visa ambavyo mkono hauna kazi ila kugusa. Bibi Stubbs, mzee asiyetoka kitandani, anaogopa jambo moja tu kuhusu kifo: ameambiwa wanyama hawana roho, basi hatawaona tena mbwa na paka wake. Daktari ameshika mkono wa mwanadamu, na katika fani yake hakuna dawa ya swali hilo. Anamwambia kwamba atakakokwenda yeye, nao watakwenda. Au paka wa mitaani aitwaye Debbie, ambaye siku ya Krismasi anamleta mtoto wake katika nyumba ambayo huja kuota moto mara moja moja, kisha anakufa zuliani. Daktari anapapasa tumbo, anakuta uvimbe mgumu, na hapo uchunguzi unaisha. Hakuna mjomba wa kutoa maoni. Herriot haongezi maneno, na hilo ni jambo gumu kuliko kuzalisha ng'ombe.

Mtafiti mwaminifu hana budi kukiri kisa kimoja kinachovuruga jedwali lote. John Skipton, mfugaji mkali aliyeanza kama kibarua na kujinyima mpaka akamiliki shamba, anamwita daktari kukwangua meno ya farasi wawili wazee. Hawajafanya kazi kwa miaka mingi. Wako kwenye malisho ya kando ya mto, na kila siku, jua liwe au mvua, mzee anatembea mpaka huko na nyasi begani. Mkono wa daktari uko ndani, kinywani, karibu kufikia kiwiko, na kwa Kanuni ya Kwanza tulipaswa kucheka kidogo. Hatucheki. Maelezo pekee tuliyoyapata ni kwamba hapa mkono unaohesabika ni wa Skipton, nao umeshika nyasi. Kupokea maelezo haya ni kukubali kwamba kipimo kinapaswa kufuata mikono ya kila mtu aliyeko malishoni, na hilo litaongeza gharama za utafiti.

Limebaki suala la Tristan, mdogo wa bosi wa Herriot, ambaye anafeli mitihani, anakwepa zamu na kuchekesha kuliko wote. Mkono wake tunaoupata mara nyingi zaidi vitabuni umeshika bilauri ya bia. Kina chake hakijapimwa, kwa kuwa bilauri hiyo haikai na kitu ndani kwa muda wa kutosha.