Lepe la Dakika 20

Siku ile ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba. Nilirudi nyumbani mchana, hoi kwa kupakia magunia ya maharage, nikakuta ugali wa ulezi na migebuka iliyopandishwa kutoka Kasanga. Nikala mpaka nikalegeza mkanda matundu mawili.

"Nanyoosha mgongo kidogo," nikamwambia mke wangu. "Lepe tu, dakika 20."

Ilikuwa saa tisa kamili. Kosa langu lilikuwa blanketi. Kwetu Matai, Ufipa, kwa baridi ya mwezi wa saba, mtu akijifunika blanketi hajilazi tena, amehama.

Nilipozinduka, dirishani kulikuwa na mwanga hafifu. Simu ilisema 6:45. Jogoo wa jirani, asiye na adabu, akawika. Mtu wa Dar es Salaam atanicheka, lakini hajui shida yetu. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, na saa tunayotumia ni ileile ya kwao. Msimu huu jua letu huchomoza saa moja imeshapita, na huzama saa moja haijafika. Saa 12:45, iwe ya asubuhi iwe ya jioni, mwanga wa Matai ni hafifu.

Nikaruka kitandani. Ijumaa alfajiri nilitakiwa kuwahi gari la kwanza la Sumbawanga! Sebuleni nikamkuta mwanangu anatafuna muhogo.

"Mpaka saa hizi hujavaa sare?"

Akanitazama, akaenda kuvaa. Huyu tumemlea vizuri: baba akisema, haulizi.

Nikapiga mswaki, nikavaa koti, nikatoka. Njiani nikakutana na bibi jirani.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba, baba. Mbona hata sijalala?"

Nikamhurumia. Uzee huo, usingizi umeshamkimbia.

Stendi nikamuuliza konda kama gari la kwanza limeondoka.

"La kwanza? Mzee, limeenda, limerudi, limeenda tena."

Hapo ndipo nikatazama wekundu wa jua. Ulikuwa upande wa Ziwa Tanganyika. Na tangu nizaliwe hapa Ufipa, jua halijawahi kuchomozea ziwani.

"Pombe ya kimpumu leo ni kali," konda akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie.

Nyumbani nilimkuta mtoto ameketi kwenye kochi, sare mwilini, begi mgongoni, akisubiri kupambazuke. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka.

Baada ya aibu hiyo nikaamua kusoma habari za lepe. Kumbe NASA, wale wanaorusha vyombo angani, walilichunguza jambo hili. Katika taarifa yao ya 1994, marubani wa safari ndefu walipewa dakika 40 za kupumzika, wakalala wastani wa dakika 26 tu, na wakaamka macho makavu. Ukipita nusu saa unaanza kuzama kwenye usingizi mzito, na ukikatishwa humo unaamka akili ikiwa bado kitandani. Mzunguko mzima wa usingizi huchukua kama dakika 90. Mimi nililala saa tatu na dakika 45, yaani mizunguko miwili na nusu. Nusu ile ndiyo iliyonipeleka stendi.

Wahispania nao, wanaosifika kwa usingizi wa mchana, huuita siesta, neno lililotokana na Kilatini kwa maana ya saa ya sita. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo, kama sisi. Basi ni saa sita, si saa tisa!

Siku hizi najilaza saa saba, kwa kuwa jua letu huchelewa, kwenye kiti, kengele ya simu ikiwa dakika 20, na blanketi limefungiwa kabatini. Nawe, ndugu msomaji, usinzie salama. Ila ukizinduka, kabla hujamsalimu mtu yeyote, angalia kwanza jua liko upande gani.