Mshenga wa Git na Subversion

Ofisini kwetu wazee wanahifadhi msimbo kwenye Subversion, vijana wanataka Git, na bosi, ambaye hapendi ugomvi kabla ya chai ya saa nne, akaamua kila upande ubaki na chake. "Wewe utaziunganisha," akaniambia, kisha akaagiza chapati.

Subversion 1.0 ilitoka mwaka 2004, Git ikaja 2005 kwa mkono wa Linus Torvalds. Zimepishana mwaka mmoja tu na hazisikilizani hata kidogo. Subversion ina seva moja inayogawa namba: badiliko la 4511, la 4512, la 4513, kila mtu apange foleni. Kwenye Git kila kompyuta hubeba historia yote, na kila komiti ina utambulisho wa herufi na tarakimu 40. Mzee akipiga simu kuuliza, "Umerekebisha kwenye namba ngapi, mwanangu?" kijana anaanza: "Efu, tatu, tisa, bii, sifuri..." Mzee anakata simu na kunipigia mimi.

Katikati yao kuna git svn, programu ya Perl inayofanya kazi ya mshenga: inachukua maneno huku, inayapeleka kule, na posa ikivunjika lawama ni zake. Zake na zangu.

Chukua suala la majina. Subversion inamjua mtu kwa jina la kuingilia tu, lakini Git inataka jina kamili na barua pepe. Kwa hiyo natunza faili la waandishi: huyu wa kule ndiye huyu wa huku. Akitokea mmoja asiyemo, git svn inagoma, haivuti tena chochote mpaka aandikwe. Sasa idara yetu ya utumishi haina desturi ya kumtangaza mfanyakazi mpya. Mimi hujua tumeajiri pale mitambo inaposimama asubuhi kwa sababu ya mtu anayejiita "majaribio2". Nazunguka dawati kwa dawati nikiuliza nani ni majaribio2, kama karani wa sensa. Kumbe ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, amekaa nyuma ya jokofu la maji, na amesharekebisha mafaili ya mishahara.

Halafu wapo vijana wapenda usafi. Kila komiti inayotoka Subversion hupachikwa mstari mwishoni mwa ujumbe, git-svn-id, wenye anwani ya seva na namba ya badiliko. Ndio kitambulisho chake. Kuna kijana aliona mistari hiyo inachafua macho, akaandika upya historia yote ya tawi lake na kuifuta. Alipotaka kupeleka kazi, git svn ikasema haioni uhusiano wowote na Subversion. "Bro, daraja lako bovu," akaniambia. Daraja langu! Tiba ni kulichukua tawi safi lililovutwa kutoka Subversion, ambalo mistari yake ipo, na kupandikiza juu yake zile komiti zake mpya peke yake. Nilifanya hivyo huku amesimama nyuma yangu akila karanga.

Kubwa kuliko yote ni dcommit. Amri hii hupeleka komiti zako Subversion moja moja, kisha huziandika upya zikiwa na ule mstari. Mstari ukiongezeka, utambulisho wa tarakimu 40 nao unabadilika. Kama ulikuwa umeshamgawia mwenzako tawi lako, sasa kuna pacha: badiliko lilelile, vitambulisho viwili, na Git inaapa kuwa hawajuani. Mwongozo wa git svn wenyewe unaonya watumiaji wasivutiane wala kuunganishiana matawi kwa Git, wapitishe mabadiliko Subversion. Nililichapisha onyo hilo nikalibandika ukutani. Wameweka juu yake ratiba ya mpira.

Miisho ya mistari ya Windows sitaigusa, shinikizo langu la damu linatosha.

Lakini folda tupu lazima niseme. Subversion hutunza folda isiyo na kitu, Git haiitambui. Mzee wetu ana folda iitwayo "baadaye", haijawahi kuwa na faili hata moja. Vijana, ili Git iione, wakatumbukiza humo faili tupu la .gitkeep, dcommit ikalifikisha kwa mzee, mzee akalifuta, folda ikatoweka upande wa vijana, programu yao inayoitafuta ikaanguka, wakalirudisha. Mchezo huo umejaza historia kurasa kwa kurasa. Nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani anatupa takataka kwenye folda yangu?"

"Mzee, kwani unapanga kuweka nini humo?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hilo ni la wakati wake. Wewe si ndiye wa kuunganisha? Unganisha."