Namna ya Kumbwaga Mbunge wa Cherangany Ukiwa na Viatu Tu

Umeamka Kachibora, umekunywa chai ya maziwa na mandazi mawili, umeitazama barabara ilivyoharibika, ukaamua kuwa mbunge. Usishtuke. Huku Trans Nzoia hamu ya ubunge humwingia mtu kama malaria: huanza na baridi kidogo, kisha joto, kisha mgonjwa huanza kusema peke yake. Ndugu zako watakushauri ulale, itapita. Ikifika siku ya tatu haijapita, keti hapa tuzungumze.

Nianze na habari njema. Kiti cha Cherangany hakimpendi anayekikalia. Mwaka 2007 Kipruto arap Kirwa alikuwa waziri wa kilimo, tena mbunge wa eneo linalolima mahindi kuliko kitu kingine chochote. Kama kuna mtu aliyestahili kulala usingizi usiku wa kuamkia uchaguzi, ni yeye. Akabwagwa na kijana Joshua Kutuny. Mwaka 2013 Kutuny naye akabwagwa na Wesley Korir, mkimbiaji wa marathoni ambaye hajawahi kuwa hata diwani. Mwaka 2017 Kutuny akarudi. Mwaka 2022 akabwagwa tena, safari hii na Patrick Simiyu wa chama cha DAP-K. Chaguzi nne mfululizo, na kila mara aliyezianza kampeni akiwa na kiti alizimaliza akiwa na kumbukumbu. (Jina la mheshimiwa hubaki. Kenya mtu akishaitwa mheshimiwa huitwa hivyo mpaka matangani kwake.)

Kwa hiyo wanaokwambia huwezi kumshinda mbunge hawajui historia ya kwao. Wapigakura wa hapa hubadilisha mbunge kama mkulima anavyobadilisha mbegu: msimu ukiwa mbaya, lawama ni ya mbegu.

Mwalimu wetu katika somo hili ni Korir, na ukitaka kumwelewa usianzie siasa, anzia Chicago, mwaka 2008. Waandaaji wa marathoni ile hawakumweka kundi la mabingwa. Alianza na umati wa watu wa kawaida, dakika tano baada ya wakubwa kuondoka. Akamaliza wa nne. Miaka mitatu na nusu baadaye, Aprili 2012, alikuwa Boston, siku ya joto kali mno; wenzake wakachomoka mapema, yeye akabaki nyuma akinywa maji, akawaacha wachomwe na jua, kisha akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Alishinda kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 40, muda ambao siku ya baridi usingemtisha mtu.

Andika hayo ukutani kwako. Mgombea mchanga huanza dakika tano nyuma. Mwenzake ana gari, ana chama, ana wazee waliokwisha kula kuku wake. Hizo dakika tano huwezi kuzirudisha kwa kelele. Unachoweza ni kunywa maji na kungoja wenye pesa wachomwe.

Sasa tuje kwenye chama. Utashauriwa uingie chama cha eneo, kwa sababu ukanda huu chama kikishavuma, mchujo ndio uchaguzi, na siku ya kura yenyewe watu huenda kuthibitisha tu. Mwaka 2013 kilichovuma ukanda huu kilikuwa URP. Korir akasimama kama mgombea huru, bila chama, bila wimbo, bila mkubwa wa Nairobi wa kumshika mkono na kuuinua juu. Akashinda. Sisemi ni rahisi. Nasema ilitokea, na iliyotokea mara moja inatosha kumdanganya mwanadamu.

Ukitaka njia hiyo, Katiba ya 2010 inakutaka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapigakura elfu moja walioandikishwa katika eneo bunge lako. Tume ya uchaguzi, IEBC, itakutoza ada ya shilingi 20,000, au nusu yake ukiwa kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu. Yaonekana bei ya ng'ombe mdogo aliyekonda. Ngoja.

Kwanza ingia mtandao wa serikali wa eCitizen ujitazame kama wewe si mwanachama wa chama. Usicheke. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijitazama humo wakakuta wameandikishwa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Unaweza kuwa umekula kiapo cha uhuru kumbe kuna chama kinakuhesabu kila jioni kama kuku wake. Jiuzulu mapema, na uweke risiti.

Kisha sahihi elfu moja. Hapa ndipo utakapolijua eneo bunge lako kuliko hotuba zote. Beba daftari, kalamu tatu (mbili zitaibwa), nenda sokoni Kachibora siku ya soko. Muuza nyanya atakuuliza, "Hii ni ya nini, mwanangu?" Ukisema ni ya ubunge, ataita wenzake. Watakuja wanane. Mmoja atataka kujua kama ni ya mkopo. Mwingine atakataa katakata kwa sababu mara ya mwisho alipotia sahihi mumewe aliuza ekari. Wa tatu atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na hilo ndilo swali la pekee lenye maana katika siasa za Kenya nzima; jibu kwa utulivu, taja baba, taja babu, taja mto ulio karibu na boma lenu. Akigundua kwamba shangazi yako aliolewa karibu na kwao, umepata sahihi, namba ya kitambulisho, na mwaliko wa chai. Jioni utakuwa na sahihi kumi na tisa na tumbo limejaa. Zimebaki 981.

Kuhusu lugha: mlimani usalimie kwa chamgei, bondeni kwa mulembe, na stendi ya Kachibora useme yote mawili kwa pumzi moja, kisha umalizie kwa Kiswahili ili Mkisii, Mturkana na Mkikuyu wasinune. Cherangany si kijiji cha kabila moja, na mwenye kupiga hesabu za kabila lake peke yake huishia kuhesabu ndugu zake. Ila usijifanye mwenyeji zaidi ya wenyeji. Mgombea aliyejifunza maneno manne ya Kibukusu jana usiku hujulikana kwa neno la tano.

Usafiri. Wadi ni saba: Sinyerere, Makutano, Kaplamai, Motosiet, Cherangany/Suwerwa, Chepsiro/Kiptoror na Sitatunga. Uchaguzi ni Agosti, maana yake kampeni zote ziko ndani ya mvua. Hii ni zawadi kwako. Gari kubwa la mpinzani likizama tope, watoto husukuma, wazee hutazama, na kila mmoja aliyerushiwa tope hukumbuka kwamba barabara hiyo iliahidiwa lami na mwenye gari. Wewe pita kando kwa miguu. Salimia. Usicheke, tafadhali; saidia kusukuma. Hakuna picha ya kampeni inayoishinda ile ya mgombea maskini akilisukuma gari la tajiri anayeshindana naye.

Na usidhani ni hadithi. Mwaka 2017 John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu huko Igembe South, Meru, naye akiwa mgombea huru, akawaacha wenye magari wakihesabu mafuta waliyochoma. Watu walimpenda kwa sababu hana gari. Alipochaguliwa, bila shaka wa kwanza kumwomba lifti walikuwa hao hao.

Sasa pesa, ambayo huna. Wazee watakuita kikao. Mtakaa chini ya mti, mtaletewa maziwa ya mursik, mtazungumza kuhusu mvua, kisha kutakuwa kimya. Halafu mmoja, kwa upole mkubwa, atauliza: "Sasa kijana wetu, umekuja na nini?"

Jibu lisilofaa ni "nimekuja na sera". Nimemwona mtu akilitoa jibu hilo. Wazee walimpigia makofi, wakamwombea, wakamsindikiza mpaka barabarani, wakarudi kumngoja mwenzake.

Jibu linalofaa sina, lakini una bahati moja: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpigakura. Itumie kama ngao. Sema kwa huzuni, "Wazee wangu, ningetoa mkono, lakini sheria itanifunga, na nikifungwa nani atawasemea Nairobi?" Watajua huna kitu, lakini watalipenda jibu. Pesa ya soda na ya sabuni wataichukua kwa mpinzani wako, ambaye sheria hiyo yaonekana haimjui. Usiwakataze, pesa ya mbunge ni mvua, anyeshewaye si lazima awe ameipigia magoti. Waambie tu kwamba kule ndani ya kituo kuna kaboksi, kuna kalamu na hakuna mtu.

Matangani usikose. Ukipewa kipaza sauti, dakika mbili: marehemu, wafiwa, Mungu, keti. Anayeomba kura mbele ya jeneza huzipata za upande wa pili wa familia tu. Na jando la Wabukusu usilitegemee: huwa Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na 2027 haugawanyiki. Simiyu na wenzake wa 2022 walikuwa na bahati hiyo ya umati uliokwisha kukusanyika kwa shughuli zake. Wewe itabidi ukusanye wa kwako.

Ahadi. Katiba, kifungu cha 95, inasema kazi ya Bunge ni kutunga sheria, kugawa fedha za taifa na kuisimamia serikali. Usilitaje neno sheria hata mara moja. Hakuna aliyewahi kuamka usiku Kaplamai akilia kwamba hana sheria. Watu wanataka mbolea ifike kabla ya kupanda, si baada ya kupalilia. Wanataka ghala la Bodi ya Nafaka linunue gunia la kilo 90 kabla ya dalali kulinunua kwa bei ya dhihaka. Wanataka basari ya mtoto. Hilo la basari unaliweza kidogo, maana tangu 2003 wabunge wamekuwa na ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, CDF, wa kujionyesha. Bei ya mahindi huiwezi, na wao wanajua huiwezi. Ila mgombea asiyeiahidi huonekana hana adabu, kama mgeni anayekataa chai.

Usiku wa kura ndio unaowamaliza wagombea wachanga, na hapa naacha mzaha kwa aya moja. Weka ajenti kila kituo. Mpe chakula chake mapema, blanketi, na nauli ya kurudi, kwa sababu ajenti mwenye njaa huokolewa na mpinzani mwenye chapati. Mwambie asitoke hata kura zikihesabiwa mpaka alfajiri. Akifika mwisho asome Fomu 35A kabla ya kutia sahihi, apate nakala yake, aipige picha, na aipige picha pia ile iliyobandikwa mlangoni. Kampeni ya miezi sita inaweza kupotea katika saa moja ya ajenti kulala. Wenye magari hulijua hili. Ndiyo maana magari yao huonekana zaidi usiku huo kuliko mchana wote wa kampeni.

Haya, umeshinda. Hongera, mheshimiwa.

Sasa sikiliza. Pale Saiwa, ndani ya eneo bunge lako, kuna mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa Kenya, nayo ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja, sitatunga. Akisikia hatua za watu huzama majini, akaacha pua tu nje, akakaa kimya mpaka waondoke. Wadi nzima imepewa jina lake. Wapigakura wako wanamjua mnyama huyu vizuri, na wameshaona wabunge wenye tabia hiyo.

Korir alikula kiapo Machi 2013, na Aprili 15 alikuwa Boston tena, akamaliza wa tano. Mbunge anayekimbia kilomita 42 kwa saa mbili na dakika kumi na mbili ni fahari ya taifa. Lakini pia ni mbunge ambaye mpigakura mwenye shida ya karo hawezi kumfikia kwa mbio. Utabadilisha namba ya simu. Utasema ni kwa sababu ya kazi. Utanunua gari la rangi ile ile ya lile ulilolisukuma topeni, na siku moja ya mvua litazama hapo hapo karibu na stendi, na kijana mmoja mwenye daftari na kalamu tatu atapita kando kwa miguu, asalimie, asaidie kusukuma.

Mtazame vizuri. Muulize ni mtoto wa nani.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Ukinikuta Kachibora na daftari lako nitakutilia sahihi, lakini uje na kalamu. Yangu ilichukuliwa na mgombea aliyekutangulia.