Simu Nayo Ina Geti

Saa tatu usiku pale Umoja, Nairobi, mtu akigonga geti la ploti hakuna anayekimbilia komeo. Kwanza anaulizwa, "Nani?" Akijibu "Ni mimi," anaulizwa mimi ndiye nani. Akijitaja, ataulizwa amekuja kwa nani, na huyo aliyetajwa ataitwa ashuke ngazi achungulie kwenye kidirisha. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaujua utaratibu huo. Sasa simu ikilia mezani, mtu yuleyule aliyetia kufuli mbili anaipokea mbio, na kabla chai haijapoa amekwisha kumsomea mgeni asiyemjua namba ya kitambulisho, tarakimu kwa tarakimu.

Basi haya ni maelekezo ya kuitilia simu geti. Nimeyaokota kwa Mama huko Jericho, kwa shangazi zangu wa Buruburu na kwa wauza mboga wa Mutindwa, na ningependa yabandikwe kwenye kila friji kutoka Shauri Moyo hadi Kayole.

Anza kwa kuwatenganisha wageni. Wako wanaouza na wako wanaoiba. Anayeuza atakuita kwa jina la tatu, lile linalokaa kwenye kitambulisho peke yake, kisha atakumwagia: ana bima, ana mkopo usiotaka mdhamini, ana ploti ya hamsini kwa mia kule Joska, stima na maji viko jirani. Huyu usimtukane. Mara nyingi ni binti wa watu anayelipwa kwa komisheni, ameongea tangu asubuhi hadi sauti imekauka, na jioni mtabanana naye kwenye matatu akirudi Pipeline. Mwambie bila kupandisha sauti: "Dada, sitaki kupigiwa tena kwa mambo ya biashara. Namba yangu mliitoa wapi? Naomba muifute." Hayo si maringo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa habari zako zisitumiwe kukuuzia vitu. Wakirudia, andika tarehe na saa, halafu peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo haichezi. Septemba 2023 iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kuchukua namba za watu kutoka kwa watu wengine na kuzitumia kuwasumbua kwa simu na jumbe za vitisho. Kama kinachokuchosha ni SMS za matangazo kwenye laini ya Safaricom, bonyeza *456*9*5# uzizime zote. Ni kazi ya nusu dakika.

Mwizi ni habari nyingine. Nairobi tunamwita "mtu wa Kamiti", kwa jina la lile gereza kubwa, na jina hilo limewaganda hata wakora ambao hawajawahi kuliona lango lake. Nyimbo zake si nyingi. "Ile pesa tuma kwa hii namba." "Nimekosea nikakutumia pesa, nirudishie, mke wangu yuko hospitalini." "Laini yako inafungwa leo, bonyeza hivi ninavyokuambia." Ukizijua hizo, umewajua karibu wote. Lakini upo mmoja ninaotaka tukae nao, kwa sababu ulimfikia Mama.

Ilikuwa Jumanne, karibu saa saba mchana, Mama anasukuma chapati. Simu ikalia. Sauti ya kiume, ya haraka, nyuma yake kelele za watoto: "Mama, ni mwalimu wa zamu. Kijana ameanguka kwenye ngazi, anatoka damu puani. Tuko kliniki, daktari anataka elfu nane na mia tano ndiyo amguse. Tuma sasa hivi, usikate simu." Mama analea mjukuu wake, yuko darasa la nne. Hakuuliza jina la mwalimu. Hakuuliza kliniki gani. Alifungua M-Pesa kwa vidole vilivyojaa unga, na kioo cha simu kikawa cheupe, kila anapobonyeza tarakimu inaruka nyingine. Akaenda kwenye sinki kunawa. Maji yakiwa bado yanatiririka mikononi, mlango ukafunguka, yule mtoto akaingia na begi lake, akauliza kama chapati ziko tayari.

Alikaa chini kwenye stuli, hakusema kitu kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia neno ambalo ndilo mzizi wa mwongozo huu wote: "Hakuniibia akili. Aliniibia muda." Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Mwizi wa simu hajui siri yoyote kubwa. Anachokuja nacho ni haraka, na anajua tumelelewa vizuri: simu inapokewa, anayeomba msaada anasaidiwa, mwalimu habishiwi. Anaingilia kwenye adabu zetu. Ndiyo maana humwoni akikupa nafasi ya kukata simu.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya nyumba: kabla ya kutuma pesa yoyote uliyoombwa kwa simu, nawa mikono. Namaanisha maji na sabuni. Weka simu mezani, nenda kwenye sinki au kwenye karai, nawa hadi kwenye viwiko kama unayejiandaa kula ugali. Hata kama mikono ni safi. Hata kama anayelia kwenye simu analia kwelikweli. Hakuna daktari ambaye dakika mbili za sabuni zitamharibia kazi, na hakuna mkora anayeweza kuzivumilia.

Ukimaliza kunawa, piga wewe. Usimpigie yeye, pigia shule kwa namba iliyo kwenye daftari la mtoto, au pigia mwenye ploti kwa namba uliyolipia kodi mwezi jana. Kwa ajili hiyo kila nyumba iwe na karatasi ukutani, iliyoandikwa kwa kalamu nene: shule, mwenye nyumba, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, mtoto aliye mbali. Mama ameibandika yake juu ya swichi ya taa, kwa hiyo huwezi kuwasha taa bila kuiona.

Tena wekeni swali la ukoo. Moja tu, ambalo jibu lake haliko kwenye Facebook wala kwenye kitambulisho. Kwetu tunauliza jina la paka aliyekufa tulipokuwa wadogo. Akipiga mtu na kusema ni mimi, nimeibiwa simu, naazima ya msamaria, Mama anamuuliza paka. Ningeulizwa mimi mwenyewe nikiwa nimekwama kweli nisingekasirika hata kidogo. Ningefurahi kwamba nyumba inalindwa.

Anayedai kakutumia pesa kwa makosa ana dawa yake. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwa namba ya mtu wa kawaida. Usiuamini ujumbe, angalia salio. Hata ukikuta pesa imeingia kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie kwa upole autume ule ujumbe wake wa muamala kwenda 456, Safaricom ishughulike. Mkweli atakushukuru. Mwingine atakutukana, na hapo umejua.

Na wale wanaojiita Safaricom: kampuni imetangaza mara nyingi kwamba ikimpigia mteja hutumia 0722 000 000. Namba nyingine yoyote inayokuambia laini yako inafungwa, kata. Usibonyeze unachoamriwa. PIN usimtajie mtu yeyote, hata awe anakuombea dua. Kisha kaa na mzazi wako, shika simu yake, ubonyeze *100*100# ili laini isiweze kubadilishwa na mtu mahali pengine, mpaka mwenyewe aende dukani. Fanya hivyo Jumapili hii baada ya chakula.

Utauliza jina lako wamelipata wapi. Kumbuka mara ya mwisho ulipoingia jengo la ofisi mjini. Getini palikuwa na kitabu kikubwa chenye kona zilizojikunja, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Uliandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukatia sahihi. Na juu ya mstari wako ukasoma za watu ishirini waliokutangulia. Yeyote aliyekuja baada yako alisoma zako. Soja hana kosa, ametumwa. Muombe akuruhusu uonyeshe kitambulisho na uandike jina tu. Wengine hukubali.

Zamani Buruburu kulikuwa na nyumba ambazo simu ya mezani ilitiwa kikufuli kwenye kile kisahani cha kuzungusha, watoto wasipige bili ikapanda. Hatari siku hizo ilikuwa simu inayotoka. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pochi na simu vimekuwa kitu kimoja, na mwizi halazimiki tena kukukaribia kwenye msongamano wa Gikomba. Kufuli sasa inatakiwa upande wa kuingilia.

Wenye muda na moyo mkunjufu wanaweza kumpa mkora kazi. Jirani yetu, shosho wa miaka themanini na kitu, akipigiwa huanza kuuliza: wewe ni mtoto wa nani, babu yako alitoka wapi, umeoa? Amewahi kumshikilia mmoja hadi maharagwe yakaiva. Dakika hizo zote yule kijana hakumpigia mama mwingine. Ila mchezo huu usichezwe na mtu aliye peke yake.

Jambo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: aliyeibiwa asichekwe. Shangazi yangu alipoteza elfu kumi na mbili za chama, akanyamaza miezi minne kwa aibu, akizilipa kidogo kidogo kutoka kwenye faida ya vitunguu. Siku alipowaambia wenzake, watatu kati yao walisema waliipokea sauti hiyohiyo. Angesema siku ya kwanza, pengine namba ingefungwa mapema. Ukiibiwa, tuma namba ya mwizi kwenda 333 hapohapo, ni bure. Piga 0800 722 203 uwaambie wapelelezi wa DCI. Kisha toka nje uwaambie majirani kwa sauti.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Mama simu ilipolia. Mtu alikuwa anaharakisha, hata mimi nilimsikia kutoka kwenye kochi. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Ngoja kwanza ninawe mikono," akaiweka simu kando ya sinki na kufungua mfereji. Alipokuwa anatafuta taulo, simu ilikuwa imeshakatika.