Kodi Mbili za Chura

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi ya pamoja ya umuganda ilipokwisha na majembe yakaoshwa, wanyama wa bonde la Nyandungu, Kigali, walikaa chini ya mkuyu kujadili nafuu ya riba. Nafuu yenyewe ilikuwa hivi: aliyekopa kwa Fisi ajenge, riba yake hutolewa kwanza kwenye mavuno, kinachobaki ndicho hukatwa kodi. Ghala la bonde lilikuwa limebaki makapi, na Bundi, mtunza hesabu, alitaka nafuu ifutwe.

Korongo alisimama wa kwanza, akatikisa taji lake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hata kwa wanadamu wa Kigali, nyumba anayokaa mwenyewe haitozwi kodi ya jengo. Sisi tumekosa nini? Mkifuta, vijana hawatajenga."

Vijana waliokuwepo, wote wapangaji, walipiga makofi.

Swala, mgeni kutoka Nairobi, akamuunga mkono. Kwao nafuu hiyo haikufutwa, bali Desemba 2024 kiwango chake cha juu kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 kwa mwaka hadi 360,000. Akaulizwa wangapi kijijini kwake wana mkopo wa nyumba. Akaanza kula majani.

Mbayuwayu, ambaye kila mwaka hukimbia baridi ya Ulaya, alisema Uingereza waliipunguza kidogo kidogo, asilimia 25, 20, 15, 10, mpaka Aprili 2000 wakaizika. "Mapaa hayakuanguka. Mimi nalala humo humo." Korongo akamjibu kwamba anayeishi kwenye paa la mwenzake asizungumzie mambo ya wenye nyumba.

Bundi akafungua daftari. Bondeni vibaba 60 vya kwanza havikatwi kitu. Hadi 100, moja kwa kumi. Kuanzia 200 kwenda juu, tatu kwa kumi. Korongo anavuna vibaba 400, na riba yake ni 40, kwa hiyo nafuu inamrudishia 12. Sungura anavuna 90, riba yake 10, anarudishiwa kimoja. Kwera anavuna 50, hakopi, hapati kitu.

"Na riba," Bundi akaongeza, "kabla ya nafuu ilikuwa vibaba 8 kwa mia. Nafuu ilipoanza, mwezi uleule ikawa 10."

Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akasema ni soko.

Hapo ndipo Chura alipoinua mkono. Mkono wake ni mfupi, ikabidi aruke mara mbili ndipo Mwenyekiti amwone.

"Wazee wangu, mimi navuna 80. Bonde linanikata vibaba 2, linaita kodi. Kenge ananikata 30 kwa shimo ninalolala, naye anaita kodi. Neno ni moja. Riba ya Korongo inatolewa kwanza, mbona kodi ya Kenge haitolewi?"

Wakacheka, Sungura mpaka akashika mbavu. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba riba ni maendeleo, ile nyingine ni gharama za kuishi. Bundi alikuwa bado anahesabu kwenye kucha: vibaba 12 vya Korongo ni kodi ya vyura sita. Hakulisema kwa sauti. Mshahara wake unapitia kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti ana mkopo.

Ikaundwa kamati ya watu saba, wote wenye madeni, Fisi akiwa mshauri wa kiufundi.

Muda wote huo Kwera alikuwa juu ya tete, ananing'inia kichwa chini, anachana jani la funjo kwa mdomo, analipitisha, analikaza, anafunga fundo. Kiota kilipokamilika mkewe aliingia, akachungulia, akatoka, akavuta uzi mmoja, kikaporomoka majini. Kwera akaenda kutafuta jani jingine.

Mvua ikaanza kuelekea jioni. Chura alirudi bondeni akiruka kwenye madimbwi. Kenge alikuwa amekaa mlangoni anamngoja. Mwezi ulikuwa unaisha.