Dirisha la Chumba cha Wageni

Pilau ilikuwa imeanza kukauka maji pale shoga yangu aliponiita kutoka chumbani kwao, kwa sauti ya mtu asiyetaka kushtua watu, akaniuliza kama ni kawaida kitanda cha boti kuwa na maji.

"Maji kiasi gani?"

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Tulikuwa sita katika boti ya tanga ya mita 12 tuliyoikodi karibu na Athens kwa wiki moja: mimi na mume wangu, mdogo wake na mkewe, na shoga yangu na mumewe, waliotoka Mombasa kuja kututembelea. Mume wangu ana leseni ya unahodha. Ugiriki hutaka pia mtu wa pili anayekijua chombo, na hapo jina langu ndilo lililoandikwa. Asubuhi ile tuling'oa nanga Poros kwenda Hydra, mwendo wa maili kumi na kitu za baharini. Safari ya nusu siku.

Mambo ya ndani yalikuwa yangu. Siku ya kwanza niliwaeleza wageni habari za choo, nikarudia mara tatu, maana mabomba ya choo cha boti ni membamba na karatasi ikiingia humo wiki nzima inaharibika. Wakanisikiliza, wakafuata. Juu ya madirisha sikusema neno.

Usiku wa Poros ulikuwa na joto. Mji ule umekaa kando ya mkondo mwembamba unaokitenga kisiwa na bara ya Peloponnese, vilima vinauzuia upepo, na vyumbani hewa ikawa nzito. Shoga yangu akafungua kidirisha cha ubavuni, juu ya kitanda chao. Mtu wa pwani afanyeje tena?

Tulipotoka nje ya kisiwa tukaukuta meltemi. Ni upepo wa kaskazini unaovuma bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, na aghalabu huja mbingu ikiwa safi, bila wingu la kumwonya mtu. Sisi tuliolelewa na kaskazi ya Disemba tunaujua upepo wa upande huo, lakini huu huja Julai, na mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana bila kupumzisha. Ulitupiga ubavu wa kushoto. Boti ikalalia kulia, mwendo ukawa mzuri, wanaume juu wakafurahi. Kidirisha kilikuwa kulia.

Nilipofika chumbani kila wimbi lilikuwa likimwaga ndani kama ndoo. Nikapiga kelele: "Legeza demani! Legeza!" Mume wangu hakuuliza sababu. Tanga likapunga, boti ikanyooka, kidirisha kikatoka majini, nami nikakisukuma na kukikaza komeo zake zote mbili.

Nikadhani yamekwisha. Maji yalikuwa yameshapita chini ya mbao za sakafu hadi ngamani, na pampu ilikuwa ikinguruma pasipo kutoa kitu. Shemeji akachovya kidole kwenye maji yale, akaonja: chumvi. Tukajua kwamba si tangi letu la maji ya kunywa lililopasuka. Akaingiza mkono hadi begani kwenye mdomo wa pampu, akautoa na konzi ya pistachio. Tulikuwa tumezinunua Aegina, kisiwa kinachosifika kwa zao hilo, kilo mbili na maganda yake, na mfuko wa karatasi nilikuwa nimeuweka sakafuni chini ya meza. Karatasi ililowa ikafumuka, maganda yakaziba chujio.

Akalisafisha, likaziba tena. Ikabidi tufue maji kwa mikono, na upo hatukuwa nao. Chombo kikubwa kilikuwa kimoja tu, sufuria ya pilau. Jiko la boti hubembea kwenye vishikizo vyake, kwa hiyo misukosuko yote ile sufuria ilikuwa imekaa wima, haikumwagika hata punje. Nikapakua pilau yote kwenye sinki nililolisugua upesi, nikalifunika kwa taulo, nikampa shemeji sufuria. Akafua kwa karibu saa nzima.

Shoga yangu alikaa ngazini akilia. Aliamini nusura atuzamishe. Nilimshika mabega nikamwambia ukweli, na ninauandika hapa pia: aliyepaswa kupita chumba kwa chumba kabla ya nanga kupanda ni mimi. Mgeni hafahamu kwamba boti ikilala, dirisha la ubavuni huwa chini ya maji.

Hydra tuliingia alasiri. Magari hayaruhusiwi kisiwani. Punda na nyumbu walisimama gatini wakingojea mizigo, na juu yao zikapanda nyumba za mawe za manahodha wa zamani. Tukatandaza magodoro juu ya boti, tukala pilau kwa mikono, ya kutosha wote sita.

Godoro lililonywa maji ya bahari ni tabu. Linakauka mchana, usiku chumvi inavuta unyevu tena. Tuliliosha mara mbili kwa maji ya bomba, na siku mbili shoga yangu na mumewe walilala kwenye viti vya sebuleni. Kuanzia Hydra yeye ndiye aliyefunga madirisha kila asubuhi, yote kumi na mawili, nami nikapita nyuma yake nikiyajaribu moja moja kwa mkono.